Moto Chini ya Vigae

Maiti ya Bwana Whitlow ilikuwa imelala kifudifudi juu ya vigae vyeupe vya bafuni, uchi, imelowa, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea bomba la maji.

Inspekta Edimu alisimama mlangoni akavua kofia. Wazungu wa Tororo aliwajua, wa maana na wa ovyo, lakini hakuwahi kumwona hata mmoja akiwa hana nguo. Aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyevuliwa.

"Mfunikeni," aliwaambia Konstebo Emong na mwenzake. "Na msikanyage maji hayo mpaka nijue umeme umezimwa."

"Umezimwa, afande. Mpishi alizima swichi kubwa ya nje."

Edimu akachutama, akaweka kiganja sakafuni. Lo! Sakafu ilikuwa bado na uvuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Akainama zaidi. Chini ya harufu ya sabuni na manukato ya ndevu palikuwa na harufu nyingine, ya zamani, ya nyumbani. Aliijua. Aliijua kabisa, ila jina lake likamgomea. Akavuta pua tena, akainuka bila jibu, na jambo hilo likamkera.

Sakafu yenyewe ilikuwa kichekesho cha mji mzima. Umeme ulikuwa umefika Tororo juzijuzi tu, watu wengine wakiwa bado wanaogopa kuwasha taa kwa mkono mtupu, na huyu meneja wa machimbo ya mawe akaamua kutandika waya za moto chini ya vigae. Tororo! Mahali ambapo mtu hulala madirisha wazi na bado anatoa jasho! Lakini Bwana Whitlow alikuwa na baridi yabisi miguuni, magoti yanalia kila mvua ikinyesha. Huko kwao Ulaya aliona sakafu za namna hiyo, akaitaka na yeye, akaipata. Sasa ilikuwa imemuua.

Mpishi alikuwa nyuma ya jiko. Okochi, mtu mzima, amepika kwa Wazungu tangu ujana wake.

"Ulisikia nini?"

"Mimi nasikia puu! Bwana anaanguka. Mimi nakimbia, nagusa yeye kwa bega, umeme inanitupa mpaka ukuta. Nakwenda zima swichi. Narudi, amekwisha."

"Sakafu iliwahi kumuuma kabla ya leo?"

"Hapana. Iko nzuri. Bwana anawasha asubuhi, anaoga, anatoka, anasimama hapo kama kuku juu ya mayai. Anafurahi."

"Nani mwingine anaingia bafuni?"

"Mimi siingii. Mama ya nguo tu. Huyo anaosha sakafu na maji baridi, debe mzima, kila siku. Bwana anagomba, anasema wewe unapoza sakafu yangu. Yeye anamwaga tu."

Mama wa nguo alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa bafu. Hapo palikuwa na jiwe pana lililotokeza ardhini, kubwa mno kung'olewa na waliojenga nyumba, na katikati yake shimo laini ambamo ndege walikuja kunywa maji ya mvua. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe hilo, anafua shati la marehemu. Bwana amekufa, na yeye anafua shati lake!

"Yoga, mama," Edimu alimsalimu kwa Kiteso. "Pole kwa msiba."

"Asante, mwanangu."

"Unaitwa nani?"

"Ariokot. Nimetoka Mukuju."

"Ulimwona Bwana leo?"

"Sikumwona." Akakamua shati, akalitandaza juu ya jiwe, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja. "Atazikwa wapi?"

"Kwenye makaburi ya Wazungu, nadhani."

"Ni vizuri," alisema. "Mtu akijulikana alipo ni vizuri."

Edimu akaona ni maneno ya mama mwenye simanzi, akaenda zake.

Mchana ule daktari alisema moyo ulisimamishwa na umeme. Mhandisi wa umeme alikuja na kipimo chake, akakigusisha kwenye swichi, akatikisa kichwa: sakafu ilikuwa na mizunguko miwili ya waya. Mmoja mzima, wa pili umekatika mahali fulani chini ya vigae.

Bwana Carrick, mkuu wa polisi wa wilaya, hakutaka kusikia zaidi.

"Nani aliitandika?"

"Oguttu, bwana. Fundi umeme, Msamia wa Bulumbi."

"Ndiye huyo marehemu alimpiga kofi mbele ya wafanyakazi?"

"Ndiye. Alichelewesha kazi, Bwana akamzaba kofi."

"Na yeye alisema nini?"

Edimu akasita. "Alisema mkono ule utakauka."

"Mkono umekauka. Mlete. Jumatatu asubuhi namtaka mbele ya hakimu kwa kosa la kuua."

"Bwana, tungeng'oa vigae kwanza, tuone waya ulikatikaje."

"Nyumba ni mali ya kampuni, Edimu. Nivunje sakafu yao ya thamani kwa sababu gani, na mtu mwenyewe amekimbia?"

Ni kweli, alikuwa amekimbia. Habari ilipofika mjini Oguttu aliacha koleo na bisibisi juu ya meza ya watu, akapanda baiskeli. Askari wa Busia walimkamata hatua chache kabla ya mpaka, upande wa pili akiuona kwa macho. Edimu akaenda kumchukua kwa gari la polisi, na njia nzima alikuwa anahesabu. Fundi amekimbia, fundi ametoa kitisho, marehemu ni Mzungu. Kwa kesi ya namna hiyo, kamba ya Serikali haikuhitaji mengi zaidi.

Oguttu alikuwa kijana mwembamba, kovu la kuungua juu ya kidole gumba. Alikaa kwenye benchi la kituo cha Busia, pingu mikononi, akijaribu kuonekana hana hofu.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Mzungu amekufa juu ya waya zangu, afande. Wewe ungengoja uletewe chai?"

"Jibu vizuri."

"Niliogopa. Hilo ndilo jibu."

"Ulimchukia?"

"Alinipiga mbele ya vibarua wangu. Ulitaka nimpende?"

"Ulikata waya?"

"Sikukata!" Pingu zikalia. "Afande, ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikate kazi yangu mwenyewe?"

"Nieleze ulivyoitandika. Polepole."

Basi Oguttu akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo hofu ilivyomtoka na mikono ikaanza kuchora hewani, pingu na zote. Walichimbua sakafu ya zamani mpaka kwenye zege. Akasawazisha. Akalaza waya kwenda na kurudi, kama ng'ombe wanavyolima shamba, mstari kando ya mstari, bila waya mmoja kukanyaga mwenzake, maana ukikanyagana unaungua. Akaupima kabla ya kuufunika. Akamwaga mchanga na saruji juu, akaupima tena. Bwana alitaka kuwasha papo hapo. Oguttu akakataa, saruji ni lazima ikauke yenyewe kwa majuma, ukiiharakisha kwa moto inapasuka. Ugomvi wao ulianzia hapo, na kofi pia.

"Halafu vigae," alimalizia. "Kila kigae nilikibana kwa saruji pande zote, hata chungu asipite. Maji hayaingii. Waya ukiwa mzima, mwaga hata pipa. Lakini ukikatwa, na maji yakaufikia, hapo ni kifo."

"Nani mwingine alijua hivyo?"

"Nani? Watu walikuja kuchungulia na kucheka, basi."

"Hakuna aliyeuliza?"

Oguttu akafikiri. "Yule mama wa nguo. Aliniletea maji ya kunywa kila siku. Aliniuliza moto wenyewe unapita wapi na unazimwaje. Nilimwambia, mama, ukikatika mahali pamoja tu, wote unakufa. Alikuwa ananionea huruma tu, afande. Mama mzuri yule."

Edimu akainuka. Swali la mama mzee halikuwa ushahidi. Alitaka kitu cha kushika mkononi.

Kabla ya kurudi Tororo alipitia Bulumbi pamoja na mshukiwa, akague nyumba yake. Benedeta, mke wa Oguttu, alikuwa amepiga magoti ndani, mikono imezama mpaka vifundoni, anapaka sakafu mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na jivu. Vidole vyake vilikuwa vinaacha mistari mirefu iliyonyooka, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Alipoona pingu za mumewe akabaki vivyo hivyo, mikono inadondosha.

"Afande, mnampeleka wapi baba Nekesa? Watamnyonga?"

Edimu alifungua kinywa amjibu, na harufu ikampiga puani.

Ala! Ndiyo hiyo! Harufu ya nyumba ya mama yake Jumamosi mchana, watoto wamefukuzwa nje mpaka sakafu ikauke. Mavi ya ng'ombe na jivu. Ndiyo iliyokuwa inafuka kwenye vigae vya Bwana Whitlow, chini ya sabuni ya Ulaya, kwa sababu sakafu ilikuwa na joto na maji yalikuwa yamemwagika.

"Mama," alimwambia Benedeta, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, "usilie bado. Endelea na kazi yako."

Jumapili, watu wakiwa makanisani, alirudi kwenye nyumba ya marehemu na Konstebo Emong. Alizima swichi kubwa mwenyewe. Akatambaa bafuni kwa magoti, pua karibu na vigae kama mbwa wa kuwinda, Emong akijitahidi asicheke. Kwenye kona karibu na ukuta wa nje akasimama.

Kwa macho, kigae kile hakikuwa na tofauti na wenzake. Mstari uliokizunguka ulikuwa wa kijivu vilevile. Lakini Edimu alipoukwaruza kwa ukucha, kwa vingine ukucha uliteleza, na hapa uliingia. Alisugua unga vidoleni akanusa.

"Emong, hii ni saruji?"

Emong akanusa. Kicheko kikamtoka. "Hii ni nyumbani, afande."

"Oguttu angeziba kwa kitu gani?"

"Saruji. Tororo hii, afande? Hata paka wana vumbi la saruji. Fundi hawezi kuziba kigae kwa mavi ya ng'ombe hata umtishie bunduki."

Waliking'oa kwa kisu, bila shida yoyote. Chini yake saruji ilikuwa imechimbwa kishimo, na ndani ya kishimo waya umekatwa, ncha mbili zinatazamana. Mchanga ulirudishwa juu, na juu ya mchanga mtu alikuwa amepaka tabaka la mavi na jivu, taratibu, kwa upendo hasa, kabla ya kurudisha kigae. Vidole vilikuwa vimeacha alama. Siyo mistari iliyonyooka ya Benedeta. Ilikuwa miduara midogo, mmoja ukiushika mwingine, kama magamba ya samaki. Edimu aliijua miduara hiyo. Alikuwa ameilalia utoto wake wote, Mukuju.

Alikuwa amempata aliyekata waya, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko alipokuja.

Ariokot alikuwa nje juu ya jiwe lake. Jumapili, na hana nguo ya kufua.

"Mama," alisema Edimu kwa Kiteso, akaketi chini, si juu ya jiwe. "Nani aling'oa kigae?"

"Mimi." Hakugeuka hata kumtazama. "Umechelewa. Siku ile nilipokuchungulia dirishani ukivuta pua nilidhani umeshajua."

"Kwa nini?"

"Nizime moto."

"Ulitaka kumuua Bwana?"

"Nimuue kwa nini? Alikuwa ananipa sukari ya kupeleka nyumbani. Yule fundi alisema ukikatika mahali pamoja wote unakufa. Nikangoja Bwana aende kazini na swichi izimwe, nikachokonoa saruji taratibu, nikakata waya kwa kisu cha jikoni. Nikafunika vizuri. Nikadhani moto umekufa."

"Ulikufa nusu. Waya ni mizunguko miwili. Na ncha iliyokatwa ilibaki na umeme, na ulichozibia kilipitisha maji. Saruji isingepitisha."

Mama akageuka sasa. "Ningejuaje saruji? Hatupaki saruji kwa mtu wetu."

Edimu akainua uso. "Mtu wenu yupi, mama?"

Ariokot akaweka mkono ndani ya shimo la jiwe, na mkono ukaenea mle bila kubakiza nafasi.

"Hapa nilikuwa nikisaga wimbi la uji. Shimo hili ni kazi ya mkono wangu, na wa mama mkwe wangu kabla yangu. Nyumba yetu ilisimama hapo lilipo jiko. Mlango ulikuwa unatazama Mwamba wa Tororo." Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa bafu. "Na hapo yupo Akol wangu."

Emong, aliyekuwa amesimama nyuma, akavua kofia.

"Alikuwa ameanza tu kukimbia," mama aliendelea. "Homa ikamshika. Nilimmwagia maji, nikampepea, wapi! Alikufa mikononi mwangu anaungua, anasema, mama, joto. Mama, joto. Tukamzika kando ya nyumba. Halafu wakaja watu wa kamba na vigingi wakasema hapa watakaa Wazungu, ninyi nendeni Mukuju. Nililia sana. Baba yake akaniambia, nyamaza, mwache mtoto, udongo ni baridi, amepoa sasa, amelala."

"Ukarudi kuomba kazi."

"Nikarudi. Nikafua nguo zao miaka yote. Bwana mmoja aende, mwingine aje. Nilikuwa naosha ile sakafu kila siku na kuzungumza naye kidogo. Hakuna aliyejua. Nikaridhika. Ndipo huyu akaleta moto." Akapiga jiwe kwa kiganja. "Moto, mwanangu! Juu ya mtoto aliyekufa kwa joto! Nikaanza kumsikia tena. Nilimwaga maji baridi, Bwana akanigombeza. Nikamwomba kwa adabu azime, akacheka akanionyesha magoti yake. Ningemwambia nini? Ningesema kuna kaburi, wangechimba, wakamtupa."

"Na Oguttu? Ulijua amekamatwa?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nilijua. Kijana wa watu. Kila siku nilisema nitakwenda kituoni. Nikifika hapa kwenye jiwe miguu inakataa. Nikisema, watachimba."

"Kesho anafikishwa mbele ya hakimu, mama. Watamnyonga. Mke wake ameshaniuliza hilo."

Kengele ya kanisa ikalia mjini, ikanyamaza. Kisha Ariokot akajifuta uso kwa pindo la leso.

"Ana mama, huyo fundi?"

"Anaye. Na binti mdogo."

"Basi nipeleke." Akasimama, akajipangusa magoti. "Lakini kwanza nifungulie bafu."

Sheria haikuruhusu. Edimu akafungua.

Mama akapiga magoti kwenye ile kona, kando ya shimo lililo wazi, akaweka kiganja juu ya vigae. Swichi kubwa ilikuwa imezimwa tangu walipofika. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Emong akaenda kusimama nje.

"Amepoa," alisema mwishowe. Akainuka, akanyoosha mikono mbele kwa ajili ya pingu. Edimu alikuwa amesahau kuzichukua.

Bwana Carrick aliyasoma maelezo ya Ariokot mara mbili, akawasha kiko, akakiacha kizimike.

"Hakukusudia kuua," alisema.

"Hakukusudia, bwana. Kuua bila kukusudia. Hakuna zaidi."

"Hilo kaburi. Upande wa mashtaka watataka kuchimba, wahakikishe."

"Kigae kimoja na waya vinatosha, bwana. Amekiri." Edimu alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Nyumba ni mali ya kampuni. Tuvunje sakafu yao ya thamani kwa sababu gani?"

Mzungu akachukua kalamu. Kisha akatia sahihi.

Oguttu aliachiliwa Jumatatu hiyo hiyo, na Benedeta alimkumbatia mlangoni pa kituo mbele ya watu wote bila kujali. Ariokot alihukumiwa kifungo katika gereza la wanawake, mbali na Mukuju, mbali na jiwe lake.

Mvua kubwa ilipoanza, meneja mpya alihamia kwenye ile nyumba na mke wake. Mke alisikia habari za sakafu ya moto akaitaka. Wakamwita fundi aliyeitandika. Edimu alikuwa amekuja kuwakabidhi funguo za marehemu, akakuta Oguttu amechutama bafuni, kipimo mkononi. Mke wa meneja alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja.

"Itachukua muda gani kuitengeneza?" mama wa Kizungu aliuliza.

Oguttu alizitazama ncha mbili za waya. Kuziunga ilikuwa kazi ya asubuhi moja, mtu hata jasho halimtoki. Edimu alijua, maana fundi mwenyewe alimweleza Busia kazi yote, kwa majivuno, pingu mikononi.

"Yule mama wa nguo alinitia pingu kwa ajili ya mtoto wake," Oguttu alinong'ona kwa Kiswahili bila kugeuka. "Karibu aniue na mimi."

"Najua," alisema Edimu.

Fundi akatoa kisu, akazikata ncha zote mbili chini kabisa, pasipofikika tena, kisha kwenye swichi akaukata na ule mzunguko uliobaki. Akakoroga saruji kidogo, akajaza kishimo, akakirudisha kigae na kukibana pande zote hata chungu asipite. Kisha akasimama akamgeukia mama wa Kizungu, kofia kifuani.

"Hii imekufa, memsahibu. Haitengenezeki."

Mama wa Kizungu akamtazama Inspekta, kama anayetaka shahidi.

"Anasema kweli," alisema Edimu. "Huyu ndiye fundi wake."